Chuma Nilichokiinua kwa Kalamu

Kitengela, Jumamosi alasiri

Kioko mwanangu,

Umetoka sasa hivi na wenzako kukimbia mara ya mwisho mpaka njia ya Isinya, na mama yako ameenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa. Nyumba imebaki na mimi na maharagwe yanayochemka. Nimeona niandike sasa, maana mkirudi sitaweza. Mdomo wangu unajua kuuza misumari na kubishana bei ya mabati. Haya ninayotaka kukuambia, mdomo huo umeyakataa kwa miaka kumi na mitano.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama yako amekufungia nne, na unga wa wimbi, na dawa ya minyoo ambayo sijui Wazungu wataifikiriaje pale uwanja wa ndege. Sitakuambia uombe, uamke mapema, uogope wasichana. Hayo umeambiwa na mji mzima.

Nataka kukujibu swali lako la Jumatano. Tulikuwa mezani, ukaniuliza, "Baba, na wewe huko ulikuwa unatrain wapi? Mimi nikikosa chuma wiki moja tu huwa nasikia mgonjwa." Nikakujibu haraka, kama mtu aliyekuwa amejiandaa: "Kulikuwa na gym kubwa, mashine zinang'aa. Utazoea." Ukacheka. Ukasema, "Basi pia mimi nitarudi na degree na kifua, kama wewe." Mama yako akainuka akaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Kuku walikuwa wamefungiwa tangu saa kumi na mbili.

Kioko, mimi sikurudi na degree. Na kifua sikurudi nacho, ila ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nimeandika, na mkono haujakatika. Mama yako anajua habari ya degree. Unene niliorudi nao waliuona wote, lakini niliyoyaandika kuhusu kifua hicho hajui mtu, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Naogopa kesho upande ndege ukimfuata mtu ambaye hakuwahi kuwako, halafu siku ukianguka huko ujione wewe ndiye wa kwanza kuanguka katika nyumba hii.

Unajua babu yako alikuwa mfanyakazi wa reli. Alitolewa Ukambani akaletwa Kajiado, na huko ndiko nilikokulia. Nyuma ya mashine ya kusaga posho kulikuwa na uwanja mdogo wenye mchanga, na mwenye mashine alituachia kwa sababu tulimpakulia magunia bure. Vyuma vyetu tulivitengeneza wenyewe. Unachukua mikebe miwili mikubwa ya mafuta ya kupikia, unaijaza simiti, unatia bomba la maji katikati kabla haijakauka, kesho yake una chuma. Kulikuwa pia na vipande vya reli ambavyo babu yako hakuulizwa vilitoka wapi. Uzito tuliupima kwa mzani wa Mzee mmoja aliyekuwa akinunua ngozi, kwa hiyo kila namba tuliyojisifia ilikuwa inanuka ngozi ya mbuzi.

Sheria ilikuwa moja na hakuna aliyeiandika: mtu hajihesabii. Ukishika chuma, mwenzako anasimama mbele yako na kuhesabu kwa sauti, kazi yako wewe ni kuinua tu. Na anayehesabu ana ruhusa ya kukuibia. Akiona bado una nguvu na unataka kujifanya umechoka, anakwama kwenye namba moja, anairudia na kuirudia, na wewe hushushi mpaka afike kumi.

Mimi nilihesabiwa na Lemayian. Hujawahi kunisikia nikilitaja jina hilo. Alikuwa kijana wa familia ya wafugaji upande wa Bisil, mrefu, mwenye kelele, aliyekuja mjini kusoma na kukaa kwa mjomba wake. Alihesabu kwa Kimaasai kwa sababu alidai Kiswahili hakina nguvu ya kuinua kitu. Mimi nilikuwa nachokea kwenye nane kila siku ya Mungu, na nane kwao ni isiet, basi hapo ndipo alipokuwa akinisimamisha. "Isiet! Isiet! Wewe Mkamba, hata ng'ombe yangu iko na mimba inaruka kukushinda! Isiet!" Mpaka nicheke, na nikicheka nguvu ilitoka mahali nisipopajua, nikafika kumi. Jina likanishika. Mji mzima wa Kajiado uliniita Isiet.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza ulikuwa na miaka miwili. Kanisa likachanga, ndugu wakachanga. Asubuhi ya safari nilienda uwanjani kwanza, Lemayian akanihesabia mara ya mwisho. Siku hiyo niliinua kilo sabini kutoka chini mpaka juu ya kichwa, na hiyo ndiyo namba kubwa niliyowahi kuinua maishani. Iweke akilini. Sabini.

Chuo kilikuwa katika mji mmoja wa kaskazini, wa mvua. Gym ilikuwa chini ya ardhi, na ni kweli mashine zilikuwa zinang'aa. Kuta zote zilikuwa vioo. Kila mtu alikuwa na vitu vya muziki masikioni na anajitazama mwenyewe. Wiki ya kwanza nilifanya kama wao. Nilikuwa nikifika nne nasikia kile kimya, naanza kufikiria mambo mengine, nasahau nilikuwa wapi, nashusha. Sikuwahi kujihesabia maishani mwangu. Unaweza kucheka, mtu mzima kushindwa kuhesabu mpaka kumi.

Wiki ya pili nikamwona jamaa mmoja mkubwa amelala kwenye benchi, chuma kimemkwama nusu ya njia, mikono inatetemeka, na hakuna anayemtazama. Kwetu huo ni ukatili. Nikaenda nikasimama kichwani kwake nikaanza kupiga kelele: "Six! Haya, six! Six!" kwa Kiingereza changu cha Kajiado, namkwamisha hapo hapo kama nilivyofunzwa. Na akakiinua, Kioko! Nilifurahi kana kwamba nimekiinua mimi. Nikampiga kofi la bega. Akavua vitu vyake vya masikioni, akaniangalia kama mtu aliyekuta mgeni chooni kwake.

Kesho yake msimamizi, kijana mpole sana, aliniita pembeni. Akaniambia niwaache watu wafanye mazoezi yao, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameogopa. Nilitembea mpaka chumbani nikilirudia hilo neno. Mimi nimewahi kuchekwa, nimewahi kutukanwa, babu yako alinichapa mpaka nikiwa na ndevu, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba mtu ameniogopa. Sikurudi pale tena.

Nilijaribu kupiga pushapu chumbani. Jirani wa chini akagonga dari yake na ufagio, nikaacha. Nilijaribu kukimbia nje, lakini kufikia saa kumi jioni kulikuwa giza na barafu, nikaanguka mara mbili, nikaacha. Nakuandikia hivi unione jinsi nilivyokuwa mwepesi wa kuacha. Hakuna aliyenifungia mlango wowote. Baada ya hapo nikaanza kulala. Kwetu, nikikosa uwanjani asubuhi moja, watu watatu walikuwa wanakuja kunigongea dirisha na kunitukana. Huko ningelala mpaka Alhamisi na hakuna ambaye angejua kama nimeamka au nimekufa. Nikala mkate na viazi vya kukaanga. Nikaanza kukosa masomo ya asubuhi, kisha ya mchana. Suruali nilizoenda nazo ziligoma kufungwa kabla ya Krismasi.

Sasa, Lemayian alikuwa akiniandikia. Barua zake zilikuwa fupi, na kila moja iliishia kwa swali moja: Isiet, unainua ngapi sasa?

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningemwambia, ndugu yangu, nilimhesabia mtu akaniogopa. Najua angefanya nini. Angeisoma barua ile kwa sauti mbele ya wote pale uwanjani, na wangecheka mpaka unga uruke kwenye mashine ya posho, halafu wangenijibu kwa matusi ambayo yangenitoa kitandani. Badala yake nilichukua kalamu nikamwandikia: kilo mia moja. Wakati huo nilikuwa sijagusa chuma miezi minane, na ngazi za bweni zilikuwa zinanitoa jasho.

Akajibu upesi. "Tumeandika namba yako kwa mabati na rangi nyekundu. Vijana wanaiangalia kila asubuhi." Barua iliyofuata nikaandika mia na kumi. Kwa nini niliongeza? Kwa sababu ile ya kwanza ilipokelewa vizuri. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta miaka mingi.

Mtihani nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena, chuo kikanifungia mlango. Mwaka mzima uliofuata niliosha vyombo katika hoteli moja huku nikiwaandikia kwamba nasoma. Picha nilizotuma nilipiga nimevaa koti kubwa. Niliporudi ulikuwa na miaka mitano. Ulijificha nyuma ya mama yako ukamwuliza, "Mama, huyu mtu mnene ni nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote.

Nikasema cheti kitatumwa. Baadaye nikasema nchi hii kazi ni kujuana, ndiyo maana nimefungua duka la vifaa vya ujenzi. Watu walinihurumia, na wengine bado wananitaja kama mfano wa msomi aliyedhulumiwa. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Yangu imekuwa ndefu kushinda barabara ya Namanga.

Siku ya tatu baada ya kurudi, hapa Kitengela mlikohamia nikiwa mbali, nikamwambia mama yako kwamba bado najiandaa kwenda Kajiado kuwasalimu. Akaketi kitandani.

"Baba Kioko, kuna kitu hatukukuambia. Lemayian alianguka na chuma. Mgongo. Sasa anatembea na fimbo mbili."

"Lini?"

"Kitu kama mwaka na nusu. Ati alikuwa anajaribu mia na kumi. Watu walimwambia awache, akasema rafiki yake ameinua, na zamani yeye mwenyewe ndiye alikuwa anamhesabia huyo rafiki."

"Na mbona hamkuniandikia?"

"Si ungeacha masomo uwaze hiyo? Tulikubaliana wote usiambiwe. Yeye mwenyewe ndiye alisema."

Nilimwuliza alikuwa anahesabiwa na nani siku hiyo. Hakujua. Mimi nimejiuliza hilo karibu kila siku. Mtu wa wafugaji ambaye hawezi kutembea nyuma ya ng'ombe, Kioko, amebaki na nini? Nilimvunja mgongo nikiwa nimelala kitandani, mbali kiasi hicho, na mkono wangu haukuinua kitu kizito kuliko kalamu.

Sikwenda Kajiado. Ni chini ya saa moja kwa gari, na sikwenda. Lemayian ndiye aliyekuja. Alishuka hapa Kitengela akaulizia duka, akaelekezwa nyumbani. Nilimwona kupitia dirishani, nikamwambia mama yako aseme nimeenda Machakos. Nikasimama nyuma ya pazia la chumbani, tumbo hili mbele yangu, nikasikiliza zile fimbo zikigonga simiti ya veranda mpaka getini. Mama yako alidhani naona haya ya unene, au ya cheti. Nikamwacha adhani.

Miaka mingi ikapita. Ulipokuwa darasa la sita tulienda Bisil, mimi na wewe, kununua mbuzi wa Krismasi. Huenda umesahau. Kuna mtu alikuwa ameketi kwenye gunia karibu na zizi la mnada, amejikunja, ameegemeza fimbo zake. Ulipita karibu naye ukainamisha kichwa kama watoto wa huko wanavyosalimu wakubwa, mama yako alikufunza vizuri, naye akakuwekea mkono kichwani. Kisha akaniangalia.

"Isiet," akasema. "Huyu ni wako?"

Nikamwambia, "Mzee, umenifananisha."

Nilimwita mzee. Tulizaliwa mwaka mmoja. Akautoa polepole mkono wake juu ya kichwa chako. "Pole basi," akasema. "Macho imezeeka."

Kwenye pikap uliniuliza isiet ni nini. Nikasema sijui.

Nilijiambia nitarudi kumwomba msamaha. Nilijiambia baada ya Krismasi, baada ya mvua, baada ya kulipa karo yako. Mwaka jana, wewe ukiwa unafanya mtihani, alikuja kijana dukani kununua simiti mifuko miwili. Nikamwuliza kwa mzaha kama anajenga gorofa. Akasema, "Hapana, mzee wangu. Ni ya kaburi ya baba, Lemayian, huko Bisil." Nikamwuliza kama alikuwa mgonjwa muda mrefu. Akasema tangu apate akili hakuwahi kumwona amesimama wima. Mfanyakazi alitaka kubeba ile mifuko nikamkataza, nikaibeba mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka kwenye gari. Huyo kijana alinishukuru sana. Aliniambia, "Bado uko na nguvu, mzee." Nikarudi ndani ya duka, nikaketi nyuma ya mabati mpaka jua likatua.

Sasa unajua. Ningependa hapa nikupe neno la kukusaidia, kama baba wengine, lakini sina dawa. Nakuangalia asubuhi mnapoinua vyuma hapo nje, mnavyotukanana na kusukumana, na moyo wangu unaniuma, kwa sababu najua huko hakuna atakayekutukana. Watakuwa na adabu. Adabu yao ndiyo iliyoniua mimi. Utakuta vyuma vizuri kuliko hivi, na itatokea siku utasimama mbele ya vyuma hivyo na hutajua kwa nini mwili umekataa. Sijui ufanye nini siku hiyo. Huenda wewe una nguvu ambazo sikuwa nazo. Huenda huna, maana damu ni yangu.

Nakuomba tu usituandikie namba ya uongo. Ukiinua sifuri, andika sifuri. Ukiwa umelala siku nne, andika nimelala siku nne, niandikie mimi, hata kama aibu inakuchoma. Usidhani unatulinda. Hapa kuna mdogo wako anayelala chini ya picha yako ukiwa umeshika chuma. Kila utakachoandika atataka kukifikia, na hutakuwako kumwambia ashushe.

Na ukishindwa kabisa, rudi. Rudi mnene, rudi bila karatasi, rudi ukiwa na mfuko mmoja. Nasema hivi nikijua kwamba sina haki ya kuaminiwa. Najua pia kwamba kijana haambiwi kushindwa usiku wa kuamkia safari, na mama yako akijua nimekuandikia hivi hatanisamehe upesi.

Kumebaki jambo moja. Kesho kabla gari halijaondoka, watu wa kanisa watakuja kukuombea, na mchungaji atanisimamisha niseme neno. Atasema, kama anavyosema kila kijana akisafiri, "Tumsikie Mzee Mutua, yeye alienda huko akasoma akamaliza." Nimefikiria wiki nzima nitasema nini. Nimejiahidi nitawaambia wote, hapo uani, mbele ya mdogo wako. Lakini mimi najijua. Nimesimamishwa hivyo mara nyingi, kwa vijana wa watu, na kila mara nilijiahidi hivyo hivyo, na kila mara nikafungua mdomo nikawaambia kuhusu maktaba na theluji na bidii.

Barua hii naiweka juu ya mto wako sasa, uione ukirudi kuoga. Usije kuniuliza kitu leo. Kula, lala.

Kesho nikianza kusema, mama yako ataangalia viatu vyake. Hufanya hivyo kila mara, miaka yote hii, na mimi huwa nashukuru kwamba haniangalii. Wewe usiangalie chini. Simama mahali nitakapokuona, uniangalie usoni, na usiondoe macho mpaka niwaambie, au mpaka nishindwe.

Baba yako,
Mutua